Hati fungani za kimbunga na bili ya umeme

Wengi wakisikia kwamba kampuni ya umeme ya Marekani imekopa mamia ya mamilioni ya dola baada ya kimbunga, hudhani kuwa kampuni ndiyo itakayolilipa deni hilo. Katika Florida, Texas na Louisiana mara nyingi mlipaji ni mteja, kidogo kidogo, kila mwezi, kwa miaka kumi au zaidi.

Mzizi wa jambo hili ni bima. Baada ya Kimbunga Andrew kuipiga Florida mwezi Agosti 1992, bima ya nguzo na nyaya kwa bei inayobebeka ilitoweka sokoni, na kampuni ya Florida Power & Light ikabaki kutegemea akiba yake maalumu. Akiba hiyo haikufua dafu mwaka 2004, ambapo vimbunga Charley, Frances na Jeanne vilifuatana ndani ya wiki chache, kisha Wilma kikaja mwaka uliofuata.

Mwaka 2005 Bunge la Florida lilipitisha sheria iliyofungua njia nyingine. Tume inayosimamia huduma za umma hukagua gharama za matengenezo, hukataa zisizostahili, kisha hutoa amri isiyoweza kubatilishwa inayounda haki ya kutoza kila mteja. Kampuni huiuza haki hiyo kwa kampuni tanzu iliyoundwa kwa kazi hiyo peke yake, na tanzu ndiyo inayotoa hati fungani, yaani hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji. Hata kampuni mama ikifilisika, wadai wake hawaigusi tozo. Tena kiwango chake hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo wateja wakipungua, waliobaki huongezewa. Ndiyo maana hati hizi hupewa daraja la juu kabisa la ukopeshekaji, na Mei 2007 hati za dola milioni 652 zilitolewa kwa njia hiyo, sehemu ya fedha ikienda kuijaza upya akiba.

Kampuni husema mteja anaokoa fedha, nami nakubali, kwa sababu mtaji wa kawaida wa kampuni hubeba faida ya wanahisa na kodi juu yake. Lakini riba imeshuka kwa kuwa hatari imeondolewa mabegani mwa mkopeshaji na kutwikwa mteja, na hilo halitajwi sana. Mfumo mzima unategemea wateja kubaki. Katika jiji la New Orleans, Louisiana, baada ya Kimbunga Katrina, mwaka 2005, wakazi walitawanyika, na kampuni ya umeme ya jiji hilo, Entergy New Orleans, ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake kabla ya mwezi mmoja kwisha. Hatimaye ilisaidiwa na dola milioni 200 za serikali kuu. Katika hali kama ile, kuongeza tozo kwa wachache waliobaki kungekuwa hesabu ya ajabu.

Kwa maoni yangu, ukali wote unapaswa kutumika kwenye ukaguzi wa gharama, kwa maana amri ikishatolewa hakuna mlango wa kurudi nyuma. Louisiana inaonyesha uzito wake: mwaka 2022 zilitolewa hati za zaidi ya dola bilioni 3 kwa ajili ya kampuni ya umeme ya Entergy Louisiana, kufuatia vimbunga Laura, Delta, Zeta na Ida, dhoruba za miaka miwili tu, na kimbunga kijacho hakitangoji tozo hizo ziishe.