Nilivyoifufua mashine ya pinboli na kuingia katika ligi ya Jumanne

Mashine niliyoinunua kwa dola 350 ilikuwa imekaa miaka mingi katika chumba cha chini ya ardhi cha jirani yangu, kaskazini mwa Chicago, naye alitaka iondoke ili apate mahali pa kuweka mashine ya kufulia. Ilitengenezwa mwaka 1975 mjini humu humu, kama zilivyotengenezwa nyingi za aina yake. Kwa msomaji asiyeijua, pinboli ni sanduku refu lenye miguu minne na kioo juu. Ndani yake gololi ya chuma, yenye kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi, huteremka juu ya ubao ulioinama, na mchezaji huizuia isitumbukie kwa vibao viwili vidogo viitwavyo flipa, ambavyo huviendesha kwa vitufe vya ubavuni.

Wakati huo nilikuwa nimeshahudhuria ligi mara tatu. Mwenzangu wa zamu ya usiku alinialika Jumanne moja kwenye baa yenye mashine kumi na mbili, nami nikasitasita, kwa kuwa si mnywaji na hata nilipokuwa Tanga sikuwahi kukanyaga baa. Nilikwenda, nikaagiza soda ya tangawizi, na hakuna aliyeniuliza chochote. Wachezaji hugawanywa katika makundi ya watu wanne, kila kundi hupangiwa mashine kadhaa, na pointi hutolewa kwa kufuata nafasi ya kila mmoja ndani ya kundi, si kwa wingi wa alama, maana mashine moja huhesabu kwa maelfu na nyingine kwa mamilioni. Usiku ule nilishika mkia katika kila mashine.

Kilichonirudisha ni adabu yao. Nimekulia jirani na baraza la wacheza bao, ambako watazamaji hubeza na kuonyesha shimo la kuanzia kabla mchezaji hajagusa kete. Hapa, gololi ikiwa inatembea, hakuna anayemsemesha mchezaji. Ikishatumbukia ndipo maneno huanza, na aliyekushinda hukueleza bila kuficha ni wapi ulipokosea. Mama mmoja mwenye umri wa kunizidi kidogo alinifundisha kuikamata gololi kwenye flipa iliyoinuliwa, kuituliza, kisha kulenga, kwani hadi siku hiyo nilikuwa nikibonyeza vitufe vyote viwili kwa pamoja kama mtu anayefukuza nzi. Alinionyesha pia kwamba kuisukuma mashine kidogo si wizi bali ni sehemu ya mchezo. Mpaka wake umewekwa na timazi, kipande cha chuma kinachoning'inia ndani ya pete, mfano wa kile ambacho waashi wetu hupimia ukuta: ukisukuma kupita kiasi, timazi hugusa pete, flipa hufa, na gololi hiyo umeipoteza.

Kabla ya kuhama nilikuwa fundi wa redio na feni, kwa hiyo nilijidanganya kwamba mashine yangu nitaimaliza kwa siku mbili. Nilipoichomeka kwenye umeme, taa ziliwaka na harufu ya kuungua ikafuata. Jumanne iliyofuata niliwasimulia wenzangu, na mzee mmoja wa miaka sabini na kitu, ambaye huzitengeneza mashine za wengine kwa mapenzi tu, akasema atapita Jumamosi. Alikuja na sanduku la vifaa, akakataa malipo, akakubali chai ya viungo. Wamarekani wenzake walimwita kwa jina lake la kwanza, jambo ambalo ulimi wangu ulikataa, nikawa namwita Mzee. Alipouliza maana yake nikamweleza, na baada ya mwezi ligi nzima ikawa inamwita hivyo.

Amri yake ya kwanza ilikuwa tusibadilishe kitu kabla ya kusafisha. Mashine za miaka hiyo hazina kompyuta. Kila alama hupita katika relei, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme wenyewe, na makumi ya swichi nyingine zenye ncha za chuma, ambazo fundi wa magari wa kwetu angeziita platini, na ncha ikishika kutu au ikipinda hata unene wa karatasi, mchezo mzima husimama. Mafuta ya zamani kwenye magurudumu ya kuhesabia alama yalikuwa yameganda kama gundi. Penye fyuzi tulikuta mtu amezungushia karatasi ya bati, na hapo ndipo harufu ile ilipopata maelezo. Kazi iliyonisumbua zaidi ni flipa ya kulia. Koili yake, yaani waya uliozungushwa ambao hugeuka sumaku ukipitiwa na umeme, hupewa nguvu kubwa ya kuinua kibao, kisha swichi ndogo iliyo mwisho wa mwendo hupaswa kuachana ili koili ibakiwe na nguvu ndogo ya kushikilia tu. Yangu ilikuwa haiachani, koili ikaungua. Tulizimaliza Jumamosi kumi na moja.

Vipuri vilinigharimu dola 90, na kwamba vinapatikana si jambo la kawaida. Mwaka 1999 kampuni ya Williams iliacha kutengeneza pinboli, ikabaki Stern peke yake miongoni mwa watengenezaji wakubwa. Tangu hapo mashine za zamani zimebaki hai kwa sababu wapenzi wenyewe huchonga vipuri, hutunza michoro ya nyaya na hufundishana. Mzee alikulia New York, ambako mchezo huu ulipigwa marufuku mwaka 1942 kwa hoja kwamba ni kamari, na meya La Guardia akapigwa picha akizivunja mashine kwa nyundo. Marufuku iliondolewa mwaka 1976, baada ya mchezaji hodari Roger Sharpe kucheza mbele ya wajumbe wa jiji na kutaja kwanza njia ambayo gololi yake itapita, ikapita hapo hapo. Mzee huisimulia habari hiyo kila anapomsikia mgeni akitamka neno bahati.

Mwezi Machi niliialika ligi nyumbani. Walikuja watu kumi na wanne. Wanne kati yao waliiteremsha mashine ya pili kutoka kwenye gari, yenye uzito unaozidi kilo mia moja, ngazi moja baada ya nyingine, huku mwanangu akiwamulikia na pima maji ikiwa mfukoni mwangu. Katika raundi ya pili mashine yangu ilizimika. Niliona aibu kama mwenye shughuli ambaye wali umemwishia, lakini kabla sijaomba radhi kioo kilikuwa kimeshatolewa, tochi sita ziko ndani, na watu ambao hadi wiki ile walikuwa wakinisalimu tu walikuwa wanabishana kuhusu waya wangu wa njano. Lilikuwa ni ungio nililolehemu vibaya mimi mwenyewe. Mzee alinipa chuma cha kulehemu mkononi na kurudi nyuma hatua moja, wakanisubiri wote.

Flipa ile ya kulia bado hulegea kidogo koili ikishapata moto, na wenyeji wa Jumanne wameshaijua: wote sasa hulenga kwa ya kushoto.