Siku niliyombeba mpwa wangu kwenye pantoni

Kwanza niseme tu, mimi sio wale wa "nina OCD" (ule ugonjwa wa mawazo yanayokuganda na vitendo unavyorudia rudia ili utulie) kisa anapenda viatu vipangwe vizuri. Chumba changu dada anakijua. Ya kwangu ilikuwa kila nikimshika mtoto wake inakuja tu kichwani "mtupe", bila hasira bila sababu, na mtoto mwenyewe nampenda balaa.

Nikaanza kumkwepa. Dada akisema nishikie mtoto, oh mikono michafu, oh nina mafua, visu vya jikoni nikawa navificha nyuma ya makopo ya unga. Usiku ndo kesi inaanza, mshtakiwa mimi hakimu mimi, hivi kweli siwezi kuua? Mbona limenijia? Nasoma audhubillahi mara tatu, nikihisi herufi moja haijakaa sawa naanza upya, ile picha ikirudi upya tena, mpaka mdomo unakauka. Bi mkubwa akaona mwanae kazidisha dua akafurahi, maskini.

Mwanasaikolojia niliyeenda kumuona hakushtuka hata. Akaniambia watafiti wa Uingereza mwaka 1978 waliwauliza watu wa kawaida kabisa, wengi wakakiri mawazo machafu ya ghafla kama haya huwa yanawajia, tena yanafanana na ya wagonjwa, ila wao yanawapita sisi tunayakamata kwenye kola. Nikamuuliza sasa nahakikishaje kwamba sitafanya? Akasema huhakikishi. Kwakweli nilikasirika, nimelipa hela yangu halafu naambiwa hivyo! Ila akaeleza kila nikikwepa au nikisoma ili nitulie, ubongo unajifunza kwamba kumbe hatari ilikuwepo kweli, kwahiyo kesho unapiga kelele zaidi. Dawa ni kumbeba mtoto, wazo lije, nisilijibu, nisilifukuze. Sala zangu tano nisali kama kawaida, ile ya kurudia rudia sio sala.

Tukaanza taratibu, nampakata nimekaa kwenye mkeka dada yupo pembeni, baadae nambeba nimesimama, mpaka ikafika zamu ya pantoni.

Jumamosi, Magogoni, kwenye kivuko cha Dar kwenda Kigamboni, watu wamejaa geti likifunguliwa ni mbio kama kawaida. Dada kabeba mabegi, mtoto kwangu. Tukasukumwa mpaka pembeni kabisa kwenye mabomba, maji yale pale chini na povu lake na harufu ya samaki toka Feri. Wazo halikuchelewa. Mtupe. Mikono ikaloa jasho, nikawaza jasho lenyewe litamfanya ateleze, miguu inataka kurudi katikati kwenye magari. Nikaanza "audhu…" nikaikata hapo hapo, aisee kuikata kulikuwa kugumu kuliko kubaki pale pembeni. Nikajiambia sawa, labda nitamtupa labda sitamtupa, tutaona. Dogo wala hana habari, kashika sikio langu analivuta huku anaangalia meli inaingia bandarini.

Ule mvuko ni dakika chache tu lakini siku ile niliona tunakwenda Zanzibar. Hofu ilipanda ikapanda halafu katikati ya maji ikaanza kushuka yenyewe, sijafanya kitu, wazo bado lipo linaongea na mimi namfuta mtoto udenda. Tukashuka Kigamboni shati limelowa mgongo mzima.

Usiku nikamwambia dada ukweli wote, nikijua ataninyang'anya mtoto. Alikuwa anamenya vitunguu. Akasema mbona hata mimi, alipokuwa mchanga kila nikipita na sufuria la uji wa moto nilikuwa naona namwagia, nasema ebu shetani nipishe huko naendelea na kazi zangu. Nikabaki namkodolea macho, yaani mimi miezi yote ile najihukumu mwenzangu anapika uji. Akasogeza vitunguu, "basi vizuri, kesho utamuogesha wewe, mimi naenda saluni."