Siku moja maishani mwangu: kuunganisha treni na gari la kukodi Ufaransa

Saa 12:45 asubuhi
Kazi yangu ni kupangia wageni safari za Ufaransa, nikiwa huku Lyon. Majira haya ya joto Moshi iko mbele ya Lyon kwa saa moja, kwa hiyo wateja wangu wa Tanzania wanakuwa wamekwisha kunywa chai wakati mimi bado natafuta miwani. Leo kuna ujumbe mrefu wa sauti kutoka kwa kaka mmoja wa Moshi. Oktoba anamleta mama yake, mwalimu mstaafu, kuhiji, na mkewe yumo pia. Wanataka Lisieux, Ars, Paray-le-Monial na Lourdes. Anamalizia: "Dada, tunakodi gari pale pale Paris tunazunguka nalo kote, si ndiyo?"

Hapana, kaka yangu. Ngoja ninywe kahawa kwanza.

Saa 2 asubuhi
Ninafungua ramani. Reli za Ufaransa zilichorwa kwa umbo la nyota. Ni mpango wa mhandisi Legrand uliopitishwa kwa sheria mwaka 1842: Paris katikati, njia zote zikitoka hapo kwenda pembezoni. Nyota hiyo bado ipo. Kutoka Paris kwenda mji wowote mkubwa, mtoto anaweza kukununulia tiketi. Kutoka pembe moja kwenda nyingine bila kurudi Paris ndiko watu wanakonihitaji.

Lisieux, kwa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, ni treni moja kutoka stesheni ya Saint-Lazare, chini ya saa mbili, kisha teksi fupi hadi basilika kilimani. Lourdes ina treni ya kasi kutoka Montparnasse, karibu saa tano. Kote huko gari ni mzigo, na ndani ya Paris ni adhabu.

Lakini Ars, kijiji alichofika padre Yohane Maria Vianney mwaka 1818 akakitumikia hadi kifo chake mwaka 1859, hakina stesheni kabisa. Paray-le-Monial, mahali pa ibada ya Moyo Mtakatifu tangu miaka ya 1670, ina treni chache za mkoa ambazo hazingoji mtu. Basi gari ni la hizo sehemu mbili tu. Siku mbili, si kumi na mbili.

Saa 3:30 asubuhi
Gari lichukuliwe wapi? Kila mtu angesema Lyon Part-Dieu, stesheni kubwa, katikati ya mji. Mimi nasema hapana. Dereva huyu ameendesha upande wa kushoto maisha yake yote. Usimtoe kwenye treni ukamtupa moja kwa moja kwenye tramu, baiskeli na njia za upande mmoja, mama yake akisali rozari kiti cha nyuma.

Ninawapeleka Lyon Saint-Exupéry. Ni uwanja wa ndege wenye stesheni yake ya treni za kasi, lile jengo la msanifu Santiago Calatrava lenye mabawa, lililofunguliwa mwaka 1994. Treni za Paris zinazosimama pale ni chache, kwa hiyo tunapanga siku kuifuata treni. Faida yake ni kwamba kaunta za magari hufunga usiku sana, Jumapili zipo wazi, na ukitoka kwenye maegesho uko tayari kwenye barabara pana. Ars haifiki mwendo wa saa moja kutoka hapo.

Kati ya treni kufika na saa ya kuchukua gari ninaweka dakika 45. Namba ya treni ninaiandika kwenye fomu ya gari, ili treni ikichelewa kaunta wajue mteja yuko njiani. Usipoiandika, baada ya muda wanakuhesabu hukuja, na gari linapewa mwingine.

Saa 5 asubuhi
Simu na Moshi. Swali langu la kwanza ni lile lile kwa kila mtu: kadi. Kampuni nyingi huku hushikilia dhamana kwenye kadi ya mkopo yenye jina la dereva, na kadi ya kawaida ya benki mara nyingi hukataliwa hata ikiwa na hela za kununua gari zima. Kaka ana kadi ya kawaida. Kimya kidogo. Kisha sauti ya mkewe: "Mimi ninayo ya mkopo, na leseni ninayo."

Basi dereva mkuu ni yeye. Kaka amelipokea, kwa sauti isiyo na furaha sana. Dereva wa pili huongezwa kwa malipo kidogo, nikamwambia, nadhani likamtuliza.

Watahitaji pia kibali cha kimataifa cha udereva, maana leseni zao hazina Kifaransa. Na gari liwe la otomatiki. Huku ni machache na ghali zaidi, ndiyo, lakini mtu aliyezoea Toyota za kutoka Japani asijifunze gia za mkono wa kulia kwenye barabara ya kilomita 130 kwa saa. Mvua ikinyesha ni 110, nimewaambia, na kwenye vituo vya tozo wasiingie njia yenye herufi "t" peke yake. Ile ni ya wenye kifaa cha kulipia kwenye kioo.

Saa 7 mchana
Nakula. Ofisi za magari za miji midogo nazo zimefunga, kama kila siku kati ya saa sita na saa nane, na siku ya Jumapili baadhi hazifunguki kabisa. Tiketi ya treni inayokushusha saa 6:10 mchana kwenye mji wa namna hiyo ni tiketi ya kukaa benchi.

Saa 8:30 mchana
Familia ya Kizanzibari ya Muscat inataka Provence na imeona tiketi ya bei nzuri ya Aix-en-Provence TGV, yaani stesheni ya treni za kasi. Nawaeleza kwamba stesheni hiyo iko nje ya mji, kilomita kama 15. Avignon nayo ina mbili, ya TGV na ya katikati, treni ndogo ikiziunganisha kwa dakika chache. Wao wanachukua gari kwa wiki nzima, kwa hiyo stesheni ya nje inawafaa kuliko ya mjini. Imekwisha hiyo.

Saa 10 jioni
Sasa kazi ngumu: Lyon hadi Lourdes. Kaka amependekeza tena gari, "tuone mashamba". Ni karibu kilomita 700, kupita Moshi hadi Dar, na ada ya kuacha gari mji mwingine juu yake. Kurudi Paris kuna maana ya kutoka Gare de Lyon kwenda Montparnasse na mabegi, ngazi za metro, na mama wa miaka sabini na kitu.

Nimechagua Toulouse. Gari linarudi Saint-Exupéry, tramu ya Rhônexpress inawafikisha Part-Dieu kwa nusu saa, wanalala Lyon. Asubuhi wanapanda treni hadi Toulouse Matabiau, wanabadilisha ndani ya stesheni ile ile, kisha treni ya mkoa hadi Lourdes. Pale Toulouse nimeacha saa moja na nusu. Mashine inapendekeza dakika 18, lakini mashine haina magoti. Viti vya mama ni ghorofa ya chini ya behewa, karibu na mizigo, na kila begi liwe na jina.

Kurudi Paris, usiku mmoja kabla ya ndege, hata kama treni ya usiku ingeokoa hela ya hoteli. Treni ya usiku ikichelewa, ndege haijui.

Saa 1:30 usiku
Nimetuma mpango. Simu inalia, ni mama mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeona yote, asante. Ila Mtakatifu Bernadeta mwenyewe, yule aliyetokewa na Bikira Maria pale Lourdes, mwili wake uko Nevers. Nitafikaje Lourdes nisimsalimie?"

Kaka hakutaja Nevers. Nilifikiria kuiunga na gari kutoka Paray, nikaona siku hiyo ni Jumapili na ada ya kuliacha huko ni kubwa. Nimeongeza usiku mmoja Paris baada ya Lourdes: Nevers kwa treni, kama saa mbili kwenda na mbili kurudi, na kanisa la Saint-Gildard ni mwendo wa miguu kutoka stesheni. Treni zake zinatoka Paris Bercy, jirani na Gare de Lyon lakini si Gare de Lyon. Nimeiandika BERCY kwa herufi kubwa, nikatuma kwa mkwe wa mama, si kwa kaka.