Kitabu nilichonunua kimegoma kusema

Mimi husoma kwa masikio. Macho yangu yalizima nikiwa na miaka tisa, na kompyuta yangu huzungumza nami kupitia kisoma skrini kiitwacho NVDA. Nimeiweka kwenye kasi ambayo mgeni akiisikia hashiki hata neno moja.

Majuzi nilinunua kitabu cha historia mtandaoni. Nikalipa, nikakipakua, nikakifungua, nikabonyeza mshale wa chini. "Tupu." Nikabonyeza tena. "Tupu." Nilidhani faili limeharibika, nikamwita kaka. Akaniambia maandishi yapo, safi kabisa, ukurasa baada ya ukurasa. Kumbe mchapishaji ameweka kufuli la kidijitali ili watu wasinakili, na programu ya kusomea hairuhusu programu nyingine kugusa maneno. Kwa kufuli hilo, kisoma skrini changu na mwizi ni kitu kimoja.

Kaka akakaa akanisomea sura ya kwanza. Namshukuru sana, lakini sikununua kitabu ili nisomewe. Nataka kurudia sentensi mara tatu bila kumchosha mtu. Nataka kusoma saa nane za usiku, peke yangu.

Vita hivi si vya leo. Februari 2009 kampuni ya Amazon ilitoa Kindle 2, kifaa cha kusomea vitabu vya kidijitali, kilichoweza kusoma kitabu kwa sauti. Chama cha waandishi cha Marekani, Authors Guild, kikalalamika kwamba sauti hiyo inaingilia haki ya vitabu vya kusikiliza, na kabla mwezi haujaisha Amazon ikawaachia wenye haki waamue, kitabu kwa kitabu, kama sauti iruhusiwe. Aprili wasioona wakaandamana mbele ya ofisi za chama hicho, New York. Walikuwa wateja, tena wenye pesa mkononi!

Kisha ukaja Mkataba wa Marrakesh, mkataba wa kimataifa wa kuwarahisishia wasioona kupata vitabu, uliopitishwa Juni 2013 na kuanza kutumika Septemba 30, 2016. Nchi zilizojiunga zinatakiwa kuruhusu kitabu kigeuzwe nukta nundu, sauti au faili linalosomeka bila kumwomba mwenye hakimiliki. Ibara ya 7 inataka sheria za kulinda kufuli zisitunyime haki hiyo. Marekani, ambako sheria ya 1998 inakataza kuvunja kufuli hizo, msamaha unaowaruhusu wasioona kuzivunja hupitiwa upya kila miaka 3. Yaani haki yangu ya kusoma ina tarehe ya kuisha, kama maziwa. Na hata msamaha ukiwepo, ufunguo hupewi; utajijua mwenyewe.

Mwandishi alipwe, hilo silipingi, nimemlipa. Ninachokataa ni kulipia kitu kisha nikafungiwa nje.

NVDA yenyewe ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye naye haoni, kwa sababu visoma skrini vya kibiashara vilikuwa ghali mno. Ni programu huria: unaipakua bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuurekebisha. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi ni nani kabla haijaanza kuzungumza.

Nimemwandikia mchapishaji mara mbili nikiomba faili lisilo na kufuli, nikaambatisha na risiti. Wiki ya tatu hii, kimya. Kaka amefika sura ya nne.