Matusi ya Mwaka Mzima

Picha ya MRI ya kichwa cha Mama niliifikisha nyumbani Kibokoni baada ya alasiri, nikakuta ukumbi umejaa. Shangazi, Mjomba, kaka yangu, na majirani ambao hadi leo sijui nani aliwaita. Mji wa Kale wa Mombasa hauna siri. Ukiipeleka Likoni, itashuka feri kabla yako.

Mwaka huo nyumba yetu ilikuwa haikaliki. Mama, aliyekopesha mahamri bila kudai, aligeuka ulimi wa upanga. Alimfokea Mjomba arusini. Shangazi akaambiwa huja kwetu kula tu. Wali wa wifi yangu akauita bokoboko mbele ya mamake mzazi, na wifi akafunga virago akarudi kwao Likoni. Kisha mafuta yakawa yaungua jikoni naye amekaa papo hapo, hasikii harufu. Hata udi hakuusikia tena. Mjomba akasema ni jini. Kombe la aya za Kurani likaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, likaoshwa kwa marashi, akanywa. Sikuona ubaya wake, ila kichwa hakikuacha kumuuma.

Nikawaeleza nilivyoelezwa na daktari. Ni uvimbe uitwao meninjioma, umeota kwenye utando unaofunika ubongo, juu ya pua. Umeminya mishipa ya harufu na ubongo wa mbele, ule unaomzuia mtu kusema kila linalomjia. Aghalabu si saratani, na hukua polepole, ndiyo maana hatukuushuku. Utatolewa kwa upasuaji Nairobi.

Hakuna aliyeuliza habari ya upasuaji.

"Kwa hivyo siku ile ya arusi," Mjomba akasema, "hakuwa yeye?"

Shangazi akaanza kulia. Kaka akatoka barazani kupiga simu Likoni. Kila mtu alikuwa akipekua matusi yake, na mimi nilikuwa na langu. Ramadhani ile Mama aliniambia Baba alikufa kwa uchungu niliompa. Nilitamani mno liwe ni neno la uvimbe. Nilimuuliza daktari kama kuna namna ya kujua. Akasema hakuna awezaye kuyatenga, lipi la mgonjwa na lipi la ugonjwa.

"Mwanililia nini, nami ni hai?" Mama alikuwa mlangoni, leso begani. Tulidhani amelala, tukasahau kwamba dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo ilimnyima usingizi.

Wifi alifika baada ya magharibi, na sufuria mkononi. Mama akamshika mkono. "Nisamehe, mwanangu. Mengi hayakuwa yangu." Akanyamaza kidogo. "Lakini ule wali ulikuwa bokoboko."

Wifi ndiye aliyeanza kucheka, kisha sote. Nikaona huo ndio wakati wa kumuuliza kuhusu lile langu, lakini Mjomba alikuwa ameshaanza kuuliza treni ya Nairobi huondoka Miritini saa ngapi, na nani atafuatana na dadake.