Kaka hakuwa anamkatia mama simu

Kwa karibu miezi miwili mama aliamini kwamba kaka anamkatia simu. Kaka yuko Kalemie, Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na kila siku baada ya isha hupiga simu ya video. Mama anajitanda mtandio vizuri, anakaa kitandani, wanaanza: habari za huko, mguu unaendeleaje, dawa umekunywa? Dakika ya tano au ya sita picha inaganda, sauti inakatika, kimya. Mama anabaki ameishika simu anaiangalia. "Basi ana shughuli zake," anasema, kisha anaisukumia chini ya mto. Maneno yale yaliniuma kuliko kazi zangu zote zilizokuwa zinakwama.

Na zilikwama kweli. Nawaandikia mahesabu wafanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, hapa Kigoma: magunia yaliyotoka, nauli ya lori, nani kalipa, nani anadaiwa. Jioni ndiyo natuma kwa wanunuzi wa Dar. Faili dogo tu linazunguka, linazunguka, mpaka nazima waifai natumia bando la simu yangu.

Lawama zote nilizitupia kampuni ya simu. Ruta yetu ni ile ya kuwekewa laini, inashika mnara halafu inagawa waifai nyumbani. Nikanunua laini ya kampuni nyingine. Vilevile. Nikapandisha bando. Vilevile. Hapo nimeshatoa hela mara mbili kutibu ugonjwa ambao sijaupima.

Nafasi ya kupima niliipata mwezi ulipokuwa mpevu. Mtu wa Kigoma anajua: mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala ufukweni, na mimi sina mahesabu ya kuandika. Nikakaa sebuleni na kompyuta, huku mtaani kwetu Gungu kumetulia.

Kilichonifungua macho ni hiki: waifai na intaneti ni safari mbili. Ya kwanza inatoka kwenye simu yako hadi kwenye ruta. Ya pili inatoka kwenye ruta hadi kwenye mnara na huko duniani. Ile alama ya waifai juu ya simu inakuonyesha safari ya kwanza tu, kwa hiyo inaweza kujaa mistari yote na bado hupati kitu. Nikafungua madirisha mawili ya kuandikia amri ya ping, ambayo inabisha hodi kwenye anwani na kupima jibu linarudi baada ya muda gani. Kwenye la kwanza nikaandika ping 192.168.8.1 -t, ambayo ni anwani ya ruta yangu (ya kwako itazame kwenye kibandiko chini ya ruta). Kwenye la pili nikaandika ping 8.8.8.8 -t, ambayo ni anwani ya Google, iko nje kabisa. Kila sekunde unaandikwa mstari mmoja wa jibu. Dirisha la pili likikwama peke yake, shida iko kwenye bando, laini au mnara. Yakikwama yote mawili, usimpigie mtu simu kwanza, shida iko humo humo ndani kwako.

Sebuleni ruta ilijibu kwa milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) 3, wakati mwingine 4. Nikabeba kompyuta hadi chumbani kwa mama: 180, 400, kisha hakuna jibu, kisha 250. Dirisha la ndani hilo, mnara haujaguswa bado! Nikarudi kuiangalia ruta kama mgeni. Ilikuwa ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya masinia mawili na sufuria kubwa la shughuli, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Kati yake na mama kuna kuta mbili za tofali za kuchoma. Chuma hakipitishi mawimbi, kinayarudisha. Na kile kitambaa, ambacho mama alikifuma kwa mikono yake, kilikuwa kinaifungia joto.

Nikaihamishia dirishani, upande wa mlimani, juu ya rafu. Kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta kuna kipimo cha nguvu ya mnara, kinaandikwa kwa dBm na kina alama ya kutoa mbele, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo bora. Kabatini ilisoma -108. Dirishani -95. Tofauti ya 13 inaonekana ndogo, lakini kwa hesabu ya kipimo hicho ni nguvu mara 20.

Kwenye chaneli, yaani njia ya mawimbi ambayo waifai inapita, nilikosea kidogo. Programu ya simu ilinionyesha waifai za majirani wengi zimejazana kwenye chaneli 6, nikachagua 8 kwa kuwa ilikuwa tupu. Hali ikaharibika zaidi. Kumbe kwenye masafa ya GHz 2.4 chaneli zinalaliana, ya 8 inaingia ndani ya 6 na ndani ya 11. Zisizogusana ni 1, 6 na 11. Nikaweka 1, nikaachana nayo.

Chumbani kwa mama sasa 5, 6, 8. Nikashukuru Mungu. Ikafika saa 2 usiku, kaka akapiga, na baada ya dakika kumi madirisha yote mawili yakasimama kwa pamoja. Nikainua macho: taa za ruta zote zimezima. Taa ya sebule inawaka. Feni inazunguka. Kisha taa moja ya ruta ikawaka, ikafuata ya pili, ikiwa inajiwasha upya kabisa. Nikamsikia mama chumbani: "Kashakata."

Nikagusa adapta ukutani. Ilikuwa ya moto, sikuweza kuishika.

Asubuhi nikaipeleka pamoja na ruta kwa fundi redio wa Mwanga. Akaipima ikiwa peke yake: volti 12, sawasawa na ilivyoandikwa. Nikakata tamaa.

"Subiri, dada," akasema. "Bila mzigo hata mgonjwa anasimama."

Akaiunganisha na ruta, akaniwashia waifai ya simu yake na ya kijana wake, akashikilia mita. Ikashuka 10, ikashuka 9, ruta ikazima mbele ya macho yangu. Akaifungua adapta kwa bisibisi. Ndani kuna kapasita, kikopo kidogo cha kutunza umeme, kama kidole cha mtoto, na kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Cha kwetu kilikuwa kimevimba kama kitumbua. Usiku sote tukiwa nyumbani, simu zote zimeunganishwa, ruta inadai umeme zaidi, na adapta iliyochoka inashindwa kuutoa. Akanipa nyingine, akanisisitiza: volti lazima zilingane, ampea zisipungue, zikizidi haina neno.

Kitambaa nimekitandika kwenye kiti cha mama. Jana kaka alipiga kama kawaida. Dakika 47. Nilikuwa jikoni naosha vyombo ujumbe wake ulipoingia: "Mama amelala tukiwa tunaongea. Nimekata mimi."