Masikio ya miaka 68 na spika ya katikati

Mjukuu wangu ndiye aliyegundua. Alikuja Moshi likizo ya Desemba, ana miaka 11, akakaa chini kwenye vigae mbele ya spika zangu mbili kubwa wakati nimeweka nyimbo za Mlimani Park. Akalaza kichwa huku, akalaza kule, kisha akasema, "Babu, hii ya kushoto haina ile tss-tss. Huku ipo, huku haipo."

Nikamwambia spika hizo zinamzidi umri mama yake. Hakubisha, aliendelea tu kulaza kichwa. Usiku walipolala wote nikachukua bisibisi na mita, nikafungua twita ya kushoto, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, nikagusisha ncha za mita. Mshale haukutikisika. Koili imekatika. Na mimi mwenye spika, ambaye majirani hapa mtaani Soweto, Moshi, wananiletea redio zao niwaambie kama zimepona, sikujua twita ilikufa mwezi jana au miaka mitatu iliyopita.

Sikulala vizuri.

Ugonjwa wa redio nilirithi kwa marehemu baba. Yeye alikuwa na Philips, enzi zile zinatengenezwa pale Arusha, na mpaka leo ukipanda daladala ukitaja Philips utashushwa mahali panapojulikana. Mimi nikaja kwenye kaseti, nikaja kwenye amplifaya, na televisheni ilipoanza huku Bara mwaka 1994 nikawa wa kwanza mtaani kuunganisha sauti yake kwenye spika. Kwa hiyo kuambiwa na mtoto kwamba sisikii ilikuwa kama dereva wa zamani kuambiwa haoni barabara.

Asubuhi tukafanya mtihani. Yeye aliweka kwenye simu programu ya kutoa mlio mmoja mmoja, tukavaa spika za masikioni kwa zamu. Namba ikipanda kilohezi, mlio unazidi kuwa mwembamba. Kilohezi 4 nikasikia. Kilohezi 8, kwa mbali, kama mbu aliye chumba cha pili. Kilohezi 10 nikamuuliza kama amewasha. Yeye alifika 16 huku akikunja uso kwa kero. Daktari wa masikio niliyemwona baadaye hakushangaa hata kidogo. Alinieleza kwamba ndani ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo, zile za mlangoni ndizo zinazopokea sauti nyembamba, na ndizo zinazotangulia kufa. Zikifa hazioti nyingine. Akaniuliza, "Mzee, kwenye taarifa ya habari unasikia sauti lakini maneno yanakuponyoka?" Nikamtazama mke wangu, Mama Anna. Mke wangu akatazama dirishani.

Maana wiki ile ile tulikuwa tunaangalia tamthilia, kijana kaenda kwa baba mkwe na wazee wake, anasema, "Sisi tumekuja kwa heri." Nami nikauliza kwa sauti, "Fisi gani?" Nyumba nzima ikacheka mpaka kesho yake. Lakini ndiyo shida yenyewe: s, f, sh na ch zinaishi juu, kwenye sauti nyembamba. Irabu ziko chini na zina nguvu. Ukiongeza sauti, irabu na besi vinapanda pamoja na kila kitu, na besi ikizidi inafunika hata zile konsonanti chache ulizobakiwa nazo. Nilikuwa naongeza sauti, Mama Anna anapunguza, nami naongeza, na wote wawili tulikuwa na haki.

Hapo ndipo nilipoamua kubadili mitambo, na nikajiwekea sharti moja: sinunui mlio, nanunua maneno. Kama pesa haitoshi, kinachokatwa ni kingine chochote.

Nilianzia madukani, Double Road na mitaa ya jirani. Vijana wa siku hizi sabufa ndiyo jina la kila kitu. Ukiomba spika za sinema unaletewa sabufa yenye taa zinazobadilika rangi. "Mzee, hii ni wati elfu kumi, PMPO." Nikamwomba aigeuze tuone mgongo. Kibandiko cha nyuma kilisema inakula umeme wa wati 60. Mtambo unaokula 60 hauwezi kutapika elfu kumi, na kijana mwenyewe tulicheka naye. PMPO ni namba ya kuuzia boksi. Ukitaka kujua mtambo, tafuta RMS, yaani nguvu unayoitoa mfululizo, na kama haijaandikwa, soma kile kibandiko cha umeme.

Shida ya maboksi yale kwangu wala haikuwa wati. Ilikuwa ile spika ya katikati: kidude chepesi chenye kispika kimoja cha ukubwa wa kikombe cha kahawa, kimetupiwa pale ili hesabu ya 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, itimie. Na kwenye filamu zenye sauti ya mzunguko, maneno karibu yote yanapita hapo. Kushoto na kulia kuna muziki na magari, nyuma kuna mvua na ndege, ile .1 ni mkondo wa besi peke yake, lakini mtu anapofungua mdomo, ni katikati. Yaani fundi wa boksi amebana pesa mahali pale pale ambapo mzee anahitaji itumike.

Saundibaa, ile spika moja ndefu ya kulaza mbele ya televisheni, niliifikiria pia, na simcheki mtu anayeinunua. Haina waya nyingi, na zipo zenye kitufe cha kukuza maneno. Ila ikiharibika bodi umetupa yote, na mimi ni mtu wa kufungua skrubu. Nikaamua risiva ya mtumba, yaani amplifaya inayogawa sauti kwa kila spika, na spika za kuchagua moja moja.

Kuhusu risiva nilikuwa na kovu la zamani. Miaka ya nyuma nililetewa moja nzuri kabisa kutoka Japani, nikaichomeka ukutani kwa furaha, ikatoa harufu kabla haijatoa sauti. Mgongoni imeandikwa AC 100V, herufi ndogo, na ukuta wetu unatoa 230. Sikuwa nimesoma. Safari hii kila muuzaji wa Dar aliyenitumia picha nilimjibu neno moja: "Geuza." Wawili walikuwa na za volti 100, wakanihakikishia kwamba transfoma ya kushushia umeme ni bei ndogo. Ni kweli, lakini yenye ubavu wa kubeba risiva ni tofali la chuma, nayo inaunguruma. Wa tatu akatuma ya 230, laki tatu na nusu, ikaja kwa basi ikiwa imefungwa kwenye blanketi.

Uzito wake kilo kumi na kitu. Nataja uzito kwa sababu nilipokuwa na miaka 40 sikuwahi kuuliza. Sasa nauliza: nitaweza kuivuta peke yangu nifikie waya za nyuma? Maandishi yanatokea kwenye televisheni au kwenye kidirisha chenye herufi za sisimizi? Rimoti ina vitufe vingapi? Hii ilikuwa na 50 na ushei. Mjukuu akapaka rangi ya kucha nyekundu kwenye vinne ninavyovihitaji, na sijawahi kugusa vingine. Waya za spika nazo nilizifunga vichwa vya kuchomeka, maana kusokota nyuzi za shaba gizani nyuma ya kabati kwa vidole hivi vinavyokufa ganzi ndiko kunakozaa shoti.

Risiva inaunganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI, kwenye tundu lililoandikwa ARC. Kama televisheni yako ina matundu matatu, ni hilo tu linalorudisha sauti. Jirani yangu alihangaika wiki nzima na tundu la pili.

Spika sasa. Sikununua spika ya katikati. Nilinunua tatu za mbele zinazofanana kabisa, ndogo za kuweka mezani, moja ndiyo ikawa ya katikati, imesimama chini ya televisheni ikiangalia juu kidogo kuelekea kwenye masikio yangu kwa msaada wa kipande cha mbao. Zikifanana, mtu akitembea kwenye filamu kutoka kushoto kwenda kulia habadiliki sauti njiani. Za mtumba unazipima hivi: unabonyeza taratibu ukingo unaoshika koni, ule uso wa spika unaotikisika. Kama ni sponji, inakuwa kama keki kavu baada ya miaka 15 au 20, unabaki na unga kidoleni. Ya mpira inaishi zaidi. Halafu unachukua betri ya redio ya volti 1.5, unagusisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, mara moja tu. Koni ikisogea nje, waya za ndani ziko sawa. Ikisogea ndani, kuna mtu alishaifungua akageuza, na ukiiunga hivyo hivyo na wenzake besi itapotea hujui imekwenda wapi. Moja kati ya zangu ilisogea ndani. Muuzaji akaapa haijawahi kufunguliwa, huku skrubu mbili zina alama ya kisu. Akapunguza elfu thelathini.

Twita nilimwachia mjukuu kwa njia ya simu: namwekea muuzaji spika, nampigia mtoto video, anasikiliza. Najua simu haibebi sauti vizuri. Lakini twita iliyokufa aliitambua hata hivyo, kwenye duka la pili, na mwenye duka akaudhika kweli.

Chumba chenyewe kilinifundisha kuliko mitambo. Vigae chini, madirisha makubwa, ukuta mtupu: ukipiga kofi linajibu. Mwangwi ule ni sumu ya maneno. Kabla sijanunua kitu nilipaswa kutandika zulia na kutundika mapazia mazito, na Mama Anna, aliyekuwa ameyaomba mapazia hayo tangu tuhamie, alikubali bila kujadili. Sijui kama kuna risiva ya pesa hiyo ingeleta tofauti ile.

Sabufa, ile ya kweli, spika ya besi peke yake, ilikuwa kwenye kona, na kwenye kona besi inavimba. Njia inayojulikana ni kuiweka kwenye kiti unachokalia, kisha unatambaa ukutani ukisikiliza mahali besi inaposikika safi, hapo ndipo unapoihamishia. Magoti yangu yalikataa. Akatambaa mjukuu wa kiume, miaka 8, kwa soda moja. Alipata mahali pazuri kando ya kabati la vyombo, hatua mbili kutoka kona.

Kisha kipimo cha kamba. Risiva ilikuja bila maikrofoni yake ya kupimia, kwa hiyo nikapima kwa futi kamba kutoka kichwani kwangu hadi kila spika: mbele mita 3.2, za nyuma mita 1.4. Sauti inakwenda kama sentimita 34 kwa kila milisekunde, na risiva ukiipa umbali inazichelewesha zile za karibu ili zote zifike pamoja. Spika zote nikazikata chini ya hezi 80, yaani sauti nzito, na kuiachia sabufa kazi hiyo. Ya katikati nikaipandisha desibeli 3 juu ya wenzake. Mtaalamu wa vitabu atanikatalia. Aje na masikio yangu.

Mawili zaidi ndiyo yaliyomaliza ugomvi. Kwanza, vituo vyetu vingi vinaleta sauti ya kawaida ya pande mbili, siyo ya mzunguko; risiva ina Dolby Pro Logic II, inayochukua kile kilicho sawa pande zote mbili, yaani msomaji wa habari, na kumpeleka katikati. Pili, kuna hali ya usiku, inayoshusha mlipuko na kuinua mnong'ono. Niliidharau miaka yote, nikiona ni ya watu wasiojua sauti. Sasa haizimwi.

Wiki ya kwanza tulimaliza taarifa ya habari nzima na namba ya sauti ikiwa chini kuliko Mama Anna alivyozoea kuipunguzia. Hakusema neno. Alichukua rimoti, akaitazama, akairudisha mezani.

Masika bado yananishinda. Mvua ikipiga bati hakuna desibeli ya kutosha, tunaweka maandishi chini ya picha au tunazima.

Zile spika kubwa nilimpa mpwa wangu mwenye banda la kuonyeshea mpira huko mtaa wa Pasua. Alizibadilishia twita zote mbili. Nilikwenda siku ya mechi nikakaa nyuma. Zilikuwa zinapiga kelele za uwanja vizuri sana, na mtangazaji sikumwelewa hata sentensi moja.

Kilichobaki ni waya wa spika ya nyuma ya kulia. Unakatiza chini ya zulia, mbele ya mlango wa jikoni, na Mama Anna ameshajikwaa mara mbili. Ameupa mpaka Pasaka.